Kutoka Kiko cha Karagwe Hadi Vepu ya Wati 100: Moshi Ulivyozidi Kuwa Laini na Mzigo Ukazidi Kuwa Mzito

Jioni ya wikiendi pale ufukweni Bukoba, upepo wa ziwa ukiwa umetulia, utawaona. Vijana wanne watano wamekaa, samaki anachomwa pembeni, na mmoja anatoa kifaa mfukoni. Taa inawaka, anavuta, wingu linatoka likinukia embe. Mwezi huu ni kile kidogo kama kalamu. Mwezi ujao mshkaji huyo huyo atakuwa anaperuzi simu akitafuta kikubwa zaidi, na swali lake la kwanza litakuwa: "Hii ina wati ngapi?"

Swali linasikika la juzi tu, lakini lina umri mkubwa. Hapa Kagera, habari ya kutafuta kitu kikali zaidi cha kuvuta inaweza kufuatiliwa mpaka ikulu ya Karagwe katika karne ya 19. Na ukiifuata hatua kwa hatua, kuna jambo moja linajirudia kila mara. Kila chombo kipya kilipofanya moshi uwe laini kooni, kiliruhusu nikotini nyingi zaidi iingie mwilini bila mvutaji kushtuka. Mvutaji mpya wa vepu anayetaka kupanda daraja anapaswa kuijua historia hii kabla hajaanza kuangalia rangi ya kifaa na idadi ya wati.

Viko vyeusi vya ikulu

Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe akapokelewa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1863, Speke anaeleza alivyomkuta mfalme na ndugu yake wamekaa chini wamekunja miguu, na pembeni yao kuna viko vikubwa vya udongo mweusi. Mfalme alimtumia mgeni pombe pamoja na tumbaku ya ikulu. Speke akaisifia tumbaku ile kwamba ni tamu na kali kwa wakati mmoja, na ile pombe akasema inataka mwanaume hasa wa kuinywa.

Tamu na kali. Shika maneno hayo mawili, maana ndiyo yanayouza vepu hadi leo.

Mmea wenyewe asili yake ni Amerika. Mabaharia wa Kireno na wafanyabiashara wengine waliueneza kuanzia karne ya 16, ukapita mkono kwa mkono mpaka ndani kabisa ya bara. Speke alipofika Karagwe aliukuta umeshakuwa mwenyeji, una heshima yake na unapewa mgeni wa maana.

Sasa angalia kiko kinavyofanya kazi. Majani yaliyokaushwa kwa hewa yakiungua yanatoa moshi mkali wenye tabia ya magadi kidogo, na koo la binadamu linaukataa. Ukiuvuta mpaka kifuani unakohoa hadi machozi yanatoka. Kwa hiyo mvutaji wa kiko kwa kawaida anauzungusha mdomoni, nikotini inapita polepole kwenye ngozi laini ya ndani ya mashavu, kisha anautoa. Kiko kinataka kujazwa, kuwashwa, kuzimika na kuwashwa tena. Ukali wake ndio ulikuwa breki yake. Mwenye kiko alijua ameshiba kwa sababu koo lilimwambia.

Kamwani, rubisi na konyagi

Wahaya hawakuwa wageni wa vichangamsho. Kahawa ya robusta imekuwepo Buhaya kabla hata ya kituo cha Wajerumani kuanzishwa Bukoba mwaka 1890, na haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya kutafuna. Tunda la kahawa linachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, linakaushwa, na mgeni akifika anapewa kamwani kabla ya mazungumzo kuanza. Marafiki waliokula kiapo cha udugu wa damu waligawana tunda moja, kila mtu na punje yake. Mpaka leo kamwani inauzwa Bukoba, na mtoto wa kihaya aliyeko Dar akitoka likizo mara nyingi anarudi na kifurushi kwenye begi.

Uzuri wa kamwani ni kwamba kipimo kiko mkononi. Umetafuna mbili, umetafuna tano, unahesabu. Rubisi nayo ni hivyo hivyo. Pombe ya ndizi na mtama inajaza tumbo, na tumbo likijaa mnywaji anajua. Lakini ndizi zile zile zikipelekwa kwenye mtambo zinageuka konyagi ya kienyeji, ile ambayo serikali inaiita pombe ya moshi. Ndizi haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni chombo, na chombo kimekusanya nguvu ya debe zima kwenye chupa moja. Mzee aliyezoea vibuyu vitatu vya rubisi akishika konyagi kwa mazoea ya vibuyu, nyumbani harudi kwa miguu yake.

Hilo ndilo somo ambalo vepu imelirudia karne nzima baadaye. Ukibadilisha chombo, kipimo cha zamani hakina kazi tena.

Usingizi wa kijana mmoja na mashine ya 1881

Moshi ulilainika kwa mara ya kwanza mbali sana na Kagera. Mwaka 1839, katika shamba moja la North Carolina, Marekani, kijana mtumwa aliyepewa kazi ya kulinda moto wa kukaushia tumbaku alipitiwa na usingizi. Inasimuliwa kwamba alipoamka alikuta moto unakufa, akakimbilia makaa kutoka kwenye tanuri la mhunzi na kuyatupia. Joto likapanda ghafla, majani yakakauka yakawa ya njano ya kung'aa. Bwana wake akauza tumbaku ile kwa bei nzuri, na namna hiyo ya kukausha kwa joto la tanuri ikaenea duniani. Hata tumbaku ya Tabora na Urambo inayokaushwa kwenye mabani, ikila kuni kama mchwa, ni ya ukoo huo.

Rangi haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba jani lililokaushwa hivyo linabaki na sukari nyingi, na moshi wake una asidi kidogo. Koo haliukatai. Unashuka mpaka kwenye mapafu, na kutoka hapo nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 hadi 20. Kiko kilikuwa kinatembea kwa miguu, sigara ikapanda ndege.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara, iliyoweza kutoa takriban 200 kwa dakika. Sigara zikawa rahisi, zikawa nyingi, zikaingia mfukoni. Afrika Mashariki, kiwanda cha sigara kilianza Jinja, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920. Dar es Salaam kikaja 1961, serikali ikakitaifisha 1975 kikawa Kampuni ya Sigara Tanzania, na 1995 kikaingia kwenye ubinafsishaji. Katikati ya safari hiyo, Sportsman, Embassy na Sweet Menthol zikawa majina ya nyumbani, zikauzwa moja moja kwenye kila kioski kuanzia Kamachumu mpaka Kashai.

Angalia hiyo Sweet Menthol. Mentho inapoza koo. Kwa lugha nyingine, moshi umelainishwa mara ya pili juu ya ule ulainisho wa kwanza. Wengi walioanzia hapo waliamini wameanzia kwenye sigara nyepesi.

Shisha: maji yalidanganya watu

Miaka ya 2000 na 2010, shisha ikavamia sehemu za bata za miji ya Afrika Mashariki. Tumbaku imelowekwa kwenye molasi na ladha za matunda, mkaa unawekwa juu, moshi unapita kwenye maji na kufika mdomoni ukiwa baridi na mtamu. Haukwaruzi kabisa. Wadada ambao hawajawahi kushika sigara walishika bomba la shisha bila wasiwasi, kwa imani kwamba maji yanachuja uchafu.

Maji yanapoza, hayachuji kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu akikaa na shisha kwa saa moja anaweza kuvuta moshi wenye ujazo unaozidi wa sigara moja mara 100 au zaidi. Juu yake ongeza hewa ya sumu ya mkaa.

Serikali za ukanda huu ziliamka karibu kwa pamoja. Uganda ilipitisha sheria yake ya kudhibiti tumbaku mwaka 2015, Tanzania ikatangaza marufuku ya shisha mwaka 2016 kupitia kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo na Waziri Mkuu, kisha Kenya na Rwanda zikafuata mwishoni mwa 2017. Kagera imepakana na nchi mbili kati ya hizo, kwa hiyo kijana wa Bukoba alijikuta katikati ya marufuku za pande zote. Na hapo hapo mlango mwingine ulikuwa umeshafunguka.

Mfamasia wa Kichina

Wazo la sigara isiyo na moto ni la zamani. Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya kifaa kama hicho mwaka 1963, akapewa 1965, lakini hakikupata soko. Aliyefanikiwa ni Hon Lik, mfamasia wa Kichina. Alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake, naye mvutaji, alifariki kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2003 Hon Lik alipata namna ya kugeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke kwa kutumia betri, na mwaka 2004 kifaa kikaanza kuuzwa China.

Mwaka huo huo wa 2003, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku, inayokataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ile iliandikwa kwa kuangalia sigara. Vepu haikuwa sokoni popote duniani.

Ndani ya vepu hakuna uchawi. Kuna betri, kuna koili ambayo ni waya unaopata moto, kuna pamba, na kuna juisi. Juisi ni propilini glaikoli, gliserini ya mimea, ladha, na nikotini kwa wale wanaoitaka. Betri inapasha koili, koili inachemsha juisi iliyoko kwenye pamba, mvuke unatoka. Hakuna kinachoungua kama jani, na hiyo ndiyo sababu wataalamu wengi wanasema mvutaji sigara akihamia vepu moja kwa moja anapunguza sumu nyingi za moshi. Haimaanishi vepu ni hewa safi. Nikotini ni ile ile inayofunga mtu.

Vifaa vya mwanzo vilifanana na sigara na vilikuwa dhaifu, wati chache tu. Wavutaji wakalalamika: betri inakwisha haraka, mvuke kiduchu, haikati kiu. Ndipo ilipoanza safari ya kutafuta nguvu.

Mashindano ya wati

Kuanzia mwaka 2008 hivi, watumiaji wa Uingereza na kwingineko walianza kujitengenezea. Walichukua maganda ya tochi, wakaweka betri kubwa, wakafunga koili juu. Vifaa hivyo vikaitwa modi, kwa sababu vilikuwa vya kurekebishwa. Baadaye viwanda vya China, hasa Shenzhen, vikaanza kuvitengeneza kwa wingi, vikawekewa kioo na kitufe cha kupandisha wati. Kutoka wati 8 zikaenda 30, 80, mpaka 200.

Mafundi wa mawingu wakagundua kwamba ukipunguza ukinzani wa koili, umeme unapita kwa fujo na mvuke unakuwa mwingi. Hesabu yake ni ile ya fizikia ya sekondari. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya ohmu 0.5 inavuta ampea kama 8. Koili ya ohmu 0.2 inavuta ampea 21. Koili ya ohmu 0.1 inavuta ampea 42. Betri nzuri ya aina ya 18650, zile za duara zinazozidi kidogo betri ya tochi ndogo, nyingi zinahimili ampea 20 hadi 30. Zile zilizong'olewa kwenye laptopu mbovu na kuvikwa ganda jipya zinahimili chini ya hapo kwa mbali.

Modi za kimakanika hazina chipu ya kuzuia chochote. Ni bomba la chuma, betri na kitufe. Mwenye hesabu mbovu hapewi onyo. Mei 2018, mwanaume wa miaka 38 huko St. Petersburg, Florida, alikufa baada ya kifaa cha aina hiyo kulipuka na vipande kumpiga kichwani. Januari 2019, kijana wa miaka 24 huko Fort Worth, Texas, alikufa baada ya kipande cha vepu iliyolipuka kukata mshipa mkubwa wa shingo. Hawa hawakufa kwa nikotini wala kwa saratani. Waliuawa na betri.

Kifaa kidogo chenye mzigo mkubwa

Wakati wapenda mawingu wanashindana kwa ukubwa, Marekani kukatokea kitu kilichokwenda kinyume kabisa. Mwaka 2015 Juul iliingia sokoni, ndogo kama flashi ya kompyuta, wati chache, mvuke kidogo. Lakini juisi yake ilikuwa na nikotini miligramu 59 kwa kila mililita, wakati wenye modi kubwa walikuwa wanatumia 3 au 6.

Iliwezekanaje watu wavute kitu kikali hivyo bila kukohoa? Jibu linarudi kwenye lile tanuri la mwaka 1839. Nikotini ya kawaida ya vepu ina tabia ya magadi kama moshi wa kiko, na ikizidi koo linakataa. Waliotengeneza Juul waliichanganya na asidi ya benzoiki ikawa chumvi ya nikotini. Asidi ikalainisha, koo likanyamaza, mzigo ukapita.

Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita. Kwingine soko likaachwa, na vepu za kutupa zikafuata njia ya Juul: ndogo, za rangi, ladha za matunda, zimeandikwa 5% kwenye boksi. Hiyo 5% ni takriban miligramu 50 kwa mililita. Kifaa chenye juisi mililita 10 kimebeba miligramu 500 za nikotini. Linganisha na sigara moja, ambayo mvutaji anapata mwilini kama miligramu 1 hadi 1.5. Vepu haiingizi nikotini yake yote, lakini picha unaipata. Kitu kinachoonekana cha kitoto kimebeba mzigo wa watu wazima wengi.

Kwa hiyo yule kijana wa ufukweni anayetaka "kupanda" kutoka kwenye kalamu yake ya 5%, huenda ameshapanda kitambo bila kujua.

Kwa anayetaka kubadilisha kifaa

Historia yote hii inashuka hadi kwenye maamuzi machache ya kawaida kabisa.

La kwanza ni sababu. Kuna mtu aliyekuwa anavuta pakiti ya sigara, akahamia vepu ndogo, na bado kila siku ananunua sigara mbili za kuongezea. Huyo ana sababu ya kutafuta kifaa kinachomtosheleza, aache sigara moja kwa moja. Kuna mwingine anataka wingu la kupigia picha. Huyo anahitaji wati, nikotini haimsaidii chochote. Na kuna wa tatu, hajawahi kuvuta kitu, rafiki zake wanavuta. Huyo kifaa chenye nguvu zaidi kinampa kitu kimoja tu, deni la nikotini ambalo hakuwa nalo.

La pili ni kanuni ambayo kila anayepanda anapaswa kuishika: wati zikipanda, miligramu zishuke. Hesabu iko hivi. Mwenye podi ndogo ya wati 12 akitumia mililita 2 kwa siku za juisi ya miligramu 20, amepitisha miligramu 40. Akinunua modi ya wati 80, juisi itakwenda mililita 10 kwa siku bila shida. Akiweka ya miligramu 3, ni 30, yuko karibu na alipokuwa. Akiweka ile ile ya 20, ni 200. Akimimina juisi ya chumvi ya 50 kwa sababu "ndiyo niliyozoea", pafu moja tu linaweza kumlaza: kizunguzungu, jasho la baridi, kichefuchefu, moyo unapiga ngoma. Dalili hizo zikitokea, weka kifaa chini na upate hewa. Zikizidi, nenda hospitali, na useme ukweli ulichovuta. Ni kosa lile lile la kunywa konyagi kwa vibuyu vya rubisi.

La tatu ni betri. Mvutaji mpya hana haja ya modi ya kimakanika. Achukue kifaa chenye chipu, kinachokata umeme chenyewe koili ikileta shoti, joto likizidi au betri ikiisha. Koili ina wati zake zimeandikwa ubavuni, mfano 50 hadi 70. Anzia za chini, panda taratibu. Betri ya pembeni inunuliwe mpya, plastiki yake isiwe imechanika, na isitembezwe mfukoni pamoja na funguo na sarafu, maana chuma kikigusa ncha zote mbili moto unawaka kwenye suruali. Na kwa maisha ya Bukoba na Muleba ambako umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, kuacha kifaa kwenye chaja usiku kucha juu ya godoro ni kutafuta balaa.

La nne ni juisi. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Mpaka Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Uchunguzi ulielekeza kidole zaidi kwenye mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye juisi za bangi, nyingi zikiwa za mtaani. Chupa isiyo na lebo ni kamari, hata kama aliyeiuza ni mshkaji wa siku nyingi. Na hiyo chupa iwekwe mbali na watoto. Mtoto hahitaji kuvuta, kuinywa kidogo tu kunatosha kumdhuru.

Mpaka wa Mutukula

Kuna jambo moja la watu wa Kagera peke yao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 haikuishia kwenye shisha. Ilipiga marufuku pia kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Mwanafunzi anayesoma Kampala, au mfanyabiashara anayepanda basi kupitia Mutukula, akiwa na boksi la vepu kwenye begi amebeba mzigo usioruhusiwa upande wa pili. Kinachochekesha ni kwamba kwa miaka mingi umeme wa Bukoba umekuwa ukitoka Uganda. Yaani kijana wa Nyanga amechaji vepu yake kwa umeme wa nchi isiyotaka hata kuiona.

Upande wa Tanzania, duka la vepu linaweza kuwa na taa za rangi na muuzaji mcheshi, lakini si kila muuzaji anaijua tofauti ya nikotini ya kawaida na ya chumvi. Maswali ya kumuuliza ni matatu. Juisi hii ina miligramu ngapi kwa mililita, na ni ya chumvi au ya kawaida? Koili hii ni ohmu ngapi, na wati zake ni kuanzia ngapi? Kifaa kinajizima chenyewe kikipata shoti? Akijibu kwa namba, mna mazungumzo. Akijibu "chukua hii, laini sana, haikwaruzi hata kidogo," bado hajasema lolote kuhusu nguvu yake. Rudisha kifaa kwenye kabati, uliza duka linalofuata.